MADA YA SITA: ULINZI WA MWANANCHI ANAYEIKOSOA SERIKALI

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii unapaswa uweze:
(a) kutofautisha haki ya kutoa maoni, mipaka ya haki hiyo, na kinga ya mtu aliyekwisha kutoa maoni;
(b) kutaja vifungu vya Katiba na sheria vinavyomlinda mwananchi dhidi ya kulipiziwa kisasi;
(c) kuchambua tukio na kueleza hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua;
(d) kujadili kama Tanzania inahitaji sheria maalumu ya kumlinda mwananchi anayetoa maoni ya kisiasa.

Maelezo haya yameandikwa kwa Kiswahili ili uelewe kwanza. Ukishaelewa, kujibu kwa lugha ya karatasi ya mtihani hakutakusumbua.

6.1 Utangulizi

Hapa Dakawa, wilayani Mvomero, yapo majengo yaliyojengwa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Chama cha ANC kilianza makazi yake hapa mwaka 1982, kuongezea yale ya Mazimbu, Morogoro mjini. Wengi wa vijana waliopokelewa Mazimbu na Dakawa waliikimbia nchi yao baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 16, 1976. Wanafunzi wale walisema hawataki kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, na serikali ya makaburu ikawajibu kwa risasi na jela. Mwaka 1992 makazi hayo yalikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania.

Ninapofundisha mada hii huanza na majengo hayo, na karibu kila mwaka mwanafunzi mmoja huuliza: "Mwalimu, Katiba inasema niko huru kusema. Je, nikishasema?" Hilo ndilo swali la mada yetu. Watahiniwa wengi hujibu sehemu ya kwanza tu. Huandika kwamba kila mtu ana uhuru wa maoni, wakafunga insha. Mtahini anataka pia kujua kinachompata mtu kesho yake, na ni nani anayemlinda.

6.2 Dhana tatu za kukumbuka

Haki ni kile ambacho Katiba inakupa. Mfano: haki ya kueleza fikra zako.

Mpaka ni mahali ambapo haki yako inakoma kwa sababu ya haki za wengine au usalama wa jamii. Mfano: huruhusiwi kuwachochea watu wachome nyumba ya jirani.

Kinga ni ulinzi unaomzuia mwenye madaraka asikuadhibu kwa kutumia haki yako ndani ya mipaka. Mfano: mwajiri kukatazwa kumfukuza mfanyakazi aliyetoa taarifa ya rushwa.

Kulipiza kisasi, katika mada hii, ni kitendo cha kiongozi au chombo cha umma kumwadhibu mwananchi kwa sababu ya maoni yake. Kisasi kinaweza kuwa wazi, kama kumweka mtu mahabusu, kumfungulia kesi isiyo na msingi au kufungia gazeti. Kinaweza pia kufichwa: kumhamisha mtumishi ghafla kwenda mbali, kumnyima huduma anayostahili, kumcheleweshea kibali, au kumtishia ndugu yake. Kisasi kilichofichwa ni kigumu zaidi kuthibitisha, kwa kuwa aliyekifanya huwa na sababu nyingine ya kuonyesha kwenye karatasi.

6.3 Historia kwa ufupi

Wakati wa ukoloni. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya makala aliyoiandika katika jarida la chama, Sauti ya TANU, akiwashutumu wakuu wa wilaya wa kikoloni. Mahakama ilimtia hatiani na kumpa adhabu ya faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Faini ililipwa na Mwalimu hakwenda jela. Huu ni mfano mzuri katika insha, kwa sababu unaonyesha kwamba hata Baba wa Taifa aliwahi kuadhibiwa kwa kuwakosoa watawala.

Baada ya uhuru. Mwaka 1962 Bunge lilitunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1976 ilitungwa Sheria ya Magazeti, iliyompa Waziri mamlaka ya kufungia gazeti. Katiba ya 1977 ilipoanza haikuwa na orodha ya haki za binadamu. Orodha hiyo iliingizwa na mabadiliko ya mwaka 1984.

Mageuzi ya vyama vingi. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali iliundwa mwaka 1991 na kutoa taarifa yake mwaka 1992. Pamoja na kupendekeza mfumo wa vyama vingi, Tume ilitaja sheria 40 zilizokandamiza haki za raia na kushauri zifutwe au zirekebishwe. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini na Sheria ya Magazeti zilikuwamo. Kumbuka namba hiyo 40.

Mabadiliko ya 2005. Awali Ibara ya 18 ilianza kwa kusema kwamba uhuru wa maoni upo bila kuathiri sheria za nchi. Maana yake, Bunge likitunga sheria yoyote ya kubana maoni, Katiba ilikuwa imekwisha kuiruhusu. Mabadiliko ya mwaka 2005 yaliyaondoa maneno hayo. Mtahiniwa anayejua jambo hili anaonyesha kuwa amesoma zaidi ya muhtasari.

6.4 Vifungu vinavyomlinda mwananchi leo

(i) Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977

Ibara ya 13: usawa mbele ya sheria. Inatoa pia haki ya kusikilizwa, na kutotendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.
Ibara ya 15: uhuru wa mtu binafsi. Mtu hawezi kukamatwa au kufungwa ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria.
Ibara ya 18: uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, kutafuta na kutoa habari, na kuwasiliana.
Ibara ya 20: uhuru wa kukutana na kushirikiana na wengine.
Ibara ya 21: haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi.
Ibara ya 26(2): haki ya kila mtu kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba.
Ibara ya 30(3): haki ya kufungua shauri Mahakama Kuu pale haki yako inapovunjwa au inapotishiwa kuvunjwa.
Ibara ya 100: kinga ya majadiliano bungeni.

Angalia Ibara ya 100 kwa makini. Mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa jambo alilolisema katika mjadala wa Bunge. Mpiga kura wake, akisema maneno yaleyale sokoni, hana kinga ya namna hiyo. Tofauti hii ni hoja nzuri ya insha.

Kwa upande wa Zanzibar, uhuru wa maoni umo katika Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984.

(ii) Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015

Hii ndiyo sheria ya Tanzania iliyo karibu zaidi na mada yetu. Inamlinda mtu anayetoa taarifa kwa nia njema kuhusu uhalifu, rushwa au matumizi mabaya ya ofisi. Utambulisho wake unatakiwa kufichwa, na ni marufuku kumfukuza kazi, kumsumbua au kumtishia kwa sababu ya taarifa hiyo.

Lakini kinga hiyo ina masharti. Taarifa inatakiwa itolewe kwa mamlaka husika, na iwe kuhusu kosa au mwenendo mbaya. Anayesimama kwenye mkutano wa hadhara na kusema "sera hii ya kilimo ni mbaya" hajatoa taarifa ya uhalifu. Ametoa maoni, na sheria hii haimgusi.

(iii) Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora

Imeanzishwa chini ya Ibara ya 129 ya Katiba na Sheria Na. 7 ya 2001. Inapokea malalamiko bila ada, inachunguza, inatoa mapendekezo, na inaweza kufungua shauri mahakamani ili kuzuia uvunjaji wa haki. Haina mamlaka ya kumfunga mtu jela.

6.5 Sheria zinazoweka mipaka

Ibara ya 30 inaruhusu haki zibanwe kwa ajili ya haki za wengine, usalama, afya ya jamii na mambo kama hayo. Sheria zinazotajwa sana ni hizi:

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya 1976. Machi 28, 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliamua kwamba vifungu vyake kadhaa, vikiwemo vya uchochezi, vilikwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Juni 2023 Bunge lilifanya marekebisho, na miongoni mwa mambo yaliyobadilika ni kashfa kuondolewa katika makosa ya jinai ya sheria hiyo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo. Ujumbe unaosambaza kwenye simu yako unahusika pia.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Inawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48. Tutaiona katika mfano.

Je, mpaka upi ni halali na upi umepita kiasi? Mahakama ya Rufani ilitoa kipimo mwaka 1993 katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Sheria ya wakati huo ilimtaka mwananchi apate ridhaa ya Serikali kabla ya kuishtaki. Fikiria mtu aliyekukosea awe ndiye wa kukupa ruhusa ya kumshtaki. Mahakama ilikibatilisha kifungu hicho na kuweka masharti mawili kwa sheria inayobana haki:

1. Isimpe mwenye madaraka nafasi ya kuamua atakavyo. Iwe na vizuizi dhidi ya matumizi mabaya.
2. Ubanaji usizidi kile kinachohitajika kufikia lengo halali.

Baada ya hapo sheria ilibadilishwa. Leo ridhaa haihitajiki, ila mwenye kesi ya madai dhidi ya Serikali anatakiwa kutoa taarifa ya siku 90 kabla ya kuifungua.

6.6 Mfano wa tukio na uchambuzi wake

Tukio (la kubuni). Katika kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga, mkulima A anasimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji mbele ya mkuu wa wilaya. Anasema: "Mheshimiwa, tumelipa fedha za mfereji misimu miwili na hatujasomewa mapato na matumizi. Tunaomba tusomewe leo." Watu wanapiga makofi. Mkuu wa wilaya anasema mkulima huyo anapotosha wananchi, na anaamuru akamatwe. A anawekwa mahabusu Ijumaa jioni na kuachiwa Jumanne mchana bila kufikishwa mahakamani. Wiki mbili baadaye anakuta jina lake halimo tena katika orodha ya mbolea ya ruzuku.

Swali: Eleza haki zilizovunjwa na hatua ambazo mkulima A anaweza kuchukua.

Hatua ya kwanza: tambua haki. A alitoa maoni (Ibara ya 18) na alishiriki katika utawala wa kijiji chake (Ibara ya 21). Mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pa kuuliza mapato na matumizi.

Hatua ya pili: kagua mpaka. Je, A alitukana, alichochea vurugu au alisema uongo? Maelezo hayaonyeshi hivyo. Aliuliza na kuomba. Makofi ya watu si vurugu.

Hatua ya tatu: pima kitendo cha kiongozi kwa sheria inayompa mamlaka. Sheria ya 1997 inataka pawepo kosa linalostahili kukamatwa au hatari ya kuvunjika kwa amani. Mtu asifikishe zaidi ya saa 48 bila kupelekwa mahakamani. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumanne mchana ni zaidi ya saa 80. Hata kama sababu ya kumkamata ingekuwepo, muda ulipitilizwa. Sheria hiyohiyo inaeleza kwamba kiongozi anayeyatumia vibaya mamlaka haya anaweza kushtakiwa.

Hatua ya nne: tafuta kisasi kilichofichwa. Kufutwa kwenye orodha ya mbolea kunaweza kuwa kosa la karani, au kunaweza kuwa adhabu. Usikimbilie kuhukumu. Andika kwamba A anapaswa kuthibitisha uhusiano kati ya mambo mawili, kwa kujiuliza: Je, alikuwamo kwenye orodha ya msimu uliopita? Kuna sababu iliyoandikwa? Wengine wenye sifa kama zake wamebaki? Kuna mtu alimwambia "utaona"?

Hatua ya tano: toa njia za kupata haki.
1. Kuandika kumbukumbu mapema: tarehe, saa, majina ya mashahidi, muhtasari wa mkutano.
2. Kupeleka malalamiko kwa maandishi ngazi ya juu, mfano kwa mkurugenzi wa halmashauri na diwani, na kubaki na nakala yenye mhuri.
3. Kumwona msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na msaada wao hutolewa bila malipo kwa asiye na uwezo.
4. Kulalamika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.
5. Kufungua shauri Mahakama Kuu chini ya Ibara ya 30(3). Marekebisho ya 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. A anaweza, kwa kuwa ndiye aliyelala mahabusu. Chini ya marekebisho hayo, jirani yake aliyeshuhudia tu angepata ugumu.

Angalizo. Wanafunzi wengi huishia kuandika "A aende mahakamani." Jiulize kwanza: nauli ataipata wapi, wakili atamlipa nani, na shamba litapaliliwa na nani wakati kesi inaendelea? Hapo ndipo utaelewa kwa nini baadhi ya watu wanadai sheria inayozuia kisasi kabla hakijatokea, badala ya kumwachia mwananchi kazi ya kukitibu.

6.7 Je, tunahitaji sheria maalumu?

Mapendekezo ya kuimarisha haki za raia yamekuwapo tangu Tume ya Nyalali. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni ya wananchi na kuwasilisha Rasimu ya Pili Desemba 2013. Oktoba 2014 Bunge Maalum lilipitisha Katiba Inayopendekezwa, lakini kura ya maoni haikufanyika, hivyo Katiba ya 1977 inaendelea kutumika.

Hoja za kuunga mkono:
1. Kinga zimetawanyika. Mbunge analindwa na Ibara ya 100, mtoa taarifa na sheria ya 2015, lakini mwananchi anayetoa maoni ya kisiasa hana sheria yake.
2. Katika kesi, mzigo wa kuthibitisha humwelemea mnyonge. Sheria inaweza kumtaka kiongozi aeleze sababu ya kitendo chake pale kinapofuata muda mfupi baada ya ukosoaji.
3. Viongozi hupata taarifa za kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua: mfereji usiosemwa huharibika, na hasara ni ya kijiji kizima.
4. Nchi jirani zimefika mbali kwa njia ya mahakama. Uganda, Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo mwaka 2004, na Mahakama ya Katiba ikafuta kosa la uchochezi mwaka 2010. Kenya, Mahakama Kuu ilifuta kashfa ya jinai mwaka 2017.

Hoja za kupinga:
1. Katiba inatosha, tatizo ni utekelezaji. Sheria mpya isiyotekelezwa itabaki kwenye rafu.
2. Watu wengine wanaweza kuitumia kama ngao ya matusi na uongo.
3. Viongozi wanaweza kuogopa kuchukua hatua hata palipo na hatari ya kweli kwa amani.
4. Kufuta vifungu kandamizi vilivyopo kunaweza kusaidia zaidi kuliko kuongeza sheria nyingine.

Unaruhusiwa kuchagua upande wowote. Mtahini hapimi msimamo wako. Anapima hoja, mifano na mpangilio.

6.8 Makosa ya watahiniwa

1. Kuandika kwamba uhuru wa maoni hauna mipaka. Taja Ibara ya 18 pamoja na ya 30.
2. Kuchanganya maoni na taarifa ya uhalifu.
3. Kuandika kwamba mkuu wa wilaya hana kabisa mamlaka ya kukamata. Anayo, kwa masharti.
4. Kushambulia chama au kiongozi kwa jina badala ya kujibu swali.
5. Kutaja ibara bila kueleza inavyohusika na tukio.

6.9 Maswali ya mazoezi

1. Taja tofauti kati ya haki, mpaka na kinga, kwa mfano mmoja kila dhana.
2. Tume ya Nyalali ilitaja sheria ngapi kandamizi? Taja mbili.
3. Eleza masharti mawili ya kupima sheria inayobana haki, yaliyotolewa na Mahakama ya Rufani mwaka 1993.
4. Muuguzi wa zahanati aliripoti wizi wa dawa kwa mamlaka husika. Baada ya mwezi alihamishiwa kituo cha mbali bila maelezo. Je, analindwa na sheria gani? Athibitishe nini?
5. "Uhuru wa kusema hauna maana bila usalama baada ya kusema." Jadili kwa hoja sita.

Mwongozo wa swali la 4: Taja Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Onyesha kwamba taarifa ilikwenda mahali sahihi na ilihusu uhalifu. Kisha eleza kwamba uhamisho ni jambo la kawaida katika utumishi, hivyo muuguzi aonyeshe uhusiano kati ya taarifa na uhamisho: muda mfupi uliopita, kukosekana kwa sababu ya maandishi, na kama aliyehusika na uhamisho alijua kuhusu taarifa hiyo.

Mwongozo wa swali la 5: Utangulizi ufafanue dhana tatu. Hoja tatu zionyeshe jinsi hofu ya kisasi inavyoua haki. Tumia kesi ya 1958, mfano wa mkulima A na sheria 40. Hoja tatu zionyeshe kinga zilizopo na upungufu wake. Hitimisho litoe msimamo wako na pendekezo moja linalotekelezeka.

Kabla hujafungua mada inayofuata, rudi kwenye 6.6. Funika uchambuzi kwa karatasi, soma tukio tena, kisha andika hatua zote tano kwa maneno yako.